Ala ya Kisu cha Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu mazito na manyunyu ya hapa na pale. Baadaye jua likatoka, likawa kali kuliko lilivyohitajika.

Asubuhi hiyo dada yangu mkubwa alivuka njia akiwa na futi yake shingoni, akasimama mbele ya kibanda cha fundi viatu, akasema anataka kipande cha ngozi. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, huku akitazama pembeni, ili ionekane ni jambo dogo.

Fundi viatu huyo mtaa mzima unamwita Kisigino. Kibanda chake kinatazamana na mlango wetu, na njia iliyopo katikati ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande mmoja anapewa pole upande wa pili. Dada ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho karakana yake, mimi mdogo wake nakaa chumba cha uani, na mtaani anaitwa Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kutibiwa. Yeye na Kisigino wametaniana miaka mingi juu ya nani fundi zaidi. Kisigino husema fundi nguo anashona hewa. Dada husema fundi viatu anashona vumbi.

"Ngozi ya nini?" Kisigino aliuliza.

"Ya kushona."

"Najua hutaki kuipika. Unashona nini?"

"Ala."

"Ala ya nini?"

"Kwani ala huwa ya nini, fundi? Ya mwavuli?"

Kisigino akaweka chini kiatu alichokuwa akikigonga. "Kaa basi nikuonyeshe. Ala ni kazi ndogo lakini ina mambo yake. Anayeanza huwa..."

"Anayeanza nani? Mimi nimeshona suti ya vipande vitatu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Ngozi ni kitambaa kigumu, basi."

Kisigino hakubishana. Alimchagulia kipande kizuri, kinene kiasi, cha rangi ya udongo, akamwazima msharasi wa kutobolea na uzi wa kushonea soli. "Ukikwama niite," alisema. "Sauti inafika."

Inafaa nieleze kwa nini mtu aliyeshona magauni maisha yake yote alitaka ghafla kushona ala ya kisu.

Dada ana mwana mmoja, dereva wa malori ya safari ndefu. Mke wa kijana huyo, yaani mkwe wetu, ni mpishi katika jiko la hospitali, na kisu anachokatia ni mali yake. Anakwenda nacho kazini na kurudi nacho, kwa sababu visu vya kule watu huvifungulia makopo, havina makali hata ya kukata siagi. Alikuwa akikiviringisha kwenye kitambaa cha kufutia vyombo na kukitia mkobani. Siku moja, miezi kadhaa nyuma, alipotoka kazini alipita kwa dada pamoja na mtoto, akaweka mkoba juu ya meza ya kukatia. Alipouvuta aondoke, ncha ya kisu ilikuwa imeshatoka nje ya kitambaa na nje ya mkoba pia, ikapita juu ya sketi ya satini ya mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, ambayo ilikuwa imebaki kupigwa pasi tu. Satini haikutoa hata sauti. Ilifunguka, kuanzia gotini kwenda juu.

Dada alisema maneno, mengi siyaandiki. La mwisho lilikuwa hili: "Hicho kisu kisivuke tena kizingiti cha nyumba hii."

Mkwe hana makelele, lakini si mtu wa kusukumwa. "Sawa, mama," alijibu. "Na mwenye kisu naye amesikia." Akambeba mtoto, akaondoka, na hakurudi tena.

Sketi yenyewe ilipona. Dada aliugeuza ule mkato ukawa mpasuo, akaupindia vizuri, akamkabidhi mwalimu mkuu kimyakimya. Haukupita muda mwalimu mkuu akarudi, akitembea kama msichana, akaagiza nyingine ya zambarau "yenye mpasuo kama ule." Kwa hiyo hasira ya dada ikakosa pa kukaa. Lakini neno lilikwisha kutoka, na dada ni mtu ambaye akikosea kipimo hununua kitambaa kipya usiku usiku kuliko kusema amekosea. Mjukuu wake, kabinti kanakopenda vigurudumu vya uzi kuliko mdoli yeyote, hakakukanyaga pale tangu siku ile. Nilimwona dada akifagia chini ya meza: takataka zote zilitoka, vigurudumu vitupu vya uzi alivisukuma kwa mguu vikae pamoja kwenye pembe.

Alijaribu kumtumia mwanawe. "Mwambie mkeo aje," alimwambia kwa simu. Mwanawe akajibu, "Mama, hapa nilipo mtandao unakatikakatika," na sauti yake ilikuwa safi kana kwamba yuko chumba cha pili.

Ndipo likaja wazo la ala. Kwa ala asingelazimika kusema kitu. Angemtumia mkwe, kisu kingepata vazi lake, na kisu kilichovaa kingeweza kuingia nyumbani kwa fundi nguo bila mtu yeyote kujishusha. Mkwe ana akili, angeelewa. Hivyo ndivyo dada alivyonieleza, akaniambia nisimwambie mtu.

Basi akaanza. Dada anaweza kumtazama mtu akipita njiani akakutajia kiuno chake, na mara nyingi anapatia. Hakuona haja ya kuwa na kisu. Alifumba macho, akakikumbuka, akakichora kwenye boksi la sabuni, akakata ngozi vipande viwili vinavyofanana. Akavishikanisha kwa pini. Pini zilikataa kuingia. Akazigonga kwa kitako cha mkasi mpaka zikaingia. Akajaribu cherehani. Cherehani ilipiga hatua chache, ikakohoa, sindano ikakatika na kipande kikaruka dirishani. Akashukuru hakikumpata mtu, akahamia mkono. Alitoboa kwa msharasi, akashona mshono wake wa kurudi nyuma, mdogomdogo, uliolingana, ule ambao wateja hupitisha kidole juu yake kabla ya kulipa.

Na aliushona kwa ndani. Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Fundi nguo hulaza kitambaa uso kwa uso, akashona upande wa nyuma, kisha akaigeuza nguo. Mshono unajificha ndani, nguo inatoka safi. Mikono ya dada imefanya hivyo tangu ujana wake, na haiombi ruhusa kichwani. Ililaza ngozi uso kwa uso, ikashona pande zote isipokuwa mdomo, ikakata uzi. Kisha dada akaingiza kidole ili aigeuze.

Ngozi haikugeuka.

Akaingiza mpini wa mwiko, akasukuma. Akaibana kwa goti. Akaniita.

"Njoo unishikie huku."

"Nimeshika."

"Umeshika kama unaogopa itakuuma. Shika."

Nikashika. Alitafuta koleo, akaikamata ncha kwa ndani, akavuta huku amekanyaga mguu wa meza. Ikatoka kidogo, ikakwama, ikawa na umbo la sikio la punda. Muuza mayai aliyekuwa akipita alisimama mlangoni na trei zake, akatazama kwa muda, akauliza kwa upole kama hicho ni kiatu. Dada akamwambia aendelee na mayai yake.

Kutoka ng'ambo Kisigino akauliza, "Mama Futi, unashona au unakamua?"

Dada akakichukua kile kitu, akakifunika kwa kipande cha kitambaa, akavuka njia.

Nilimfuata, kwa sababu sikutaka kuhadithiwa. Kisigino alifunua kitambaa akakitazama kile kitu kwa utulivu wa mtu aliyefika msibani. Hakucheka. Alichomoa pini moja iliyosahauliwa, akapitisha kidole kwenye tundu lake.

"Hapa ulitoboa kwa nini?"

"Pini."

"Kitambaa ukichomoa pini kinajifunga, Mama Futi. Ngozi ukiitoboa umeitoboa. Na ala haigeuzwi. Inakunjwa, mshono unakaa nje, kila mtu anauona."

"Mshono nje? Kama gunia?"

"Kama kiatu."

Dada akainua macho, akavitazama viatu vyote vilivyoning'inia pale kibandani. Kila kimoja kilikuwa na mshono wake nje. Amevuka njia ile miaka mingapi, na alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza.

"Haya," alisema. "Nionyeshe."

Kisigino akamkatia kipande kingine bila kutania hata kidogo, na hilo lilimuuma dada kuliko utani. "Sasa lete kisu."

"Hakipo."

"Kiko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Na hii uliipima kwa nini?"

"Kwa macho."

"Mteja akikutumia jina lake bila mwili wake, unamshonea gauni?" Kisigino alitikisa kichwa. "Kisu kina unene, kina mgongo, kina tumbo. Kikikaa kimebanwa hakitoki, kikilegea kinaanguka. Ala bila kisu haishoneki, hata nikishona mimi. Na huyo mwenyewe anatumia mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu."

"Una hakika?"

"Ni mkwe wangu. Nitakosaje kujua?"

Tukarudi nyumbani. Dada akakaa kwenye kiti cha cherehani, ngozi mpya mapajani, akiipapasa. Kisu kilikuwa ndicho kile alichokifukuza kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa hapakuwa na njia ya kukizunguka. Ama akiombe, ama ala isiwepo na mkwe asije.

"Mpigie wewe," aliniambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kisu kinahitajika."

"Akiuliza kinahitajika na nani?"

Dada alimpigia mwanawe kwanza. Mwanawe alisema yuko mlimani, anapanda, na kwamba anampenda sana mama yake, kisha simu ikakatika yenyewe. Dada akaitazama simu kama anavyotazama zipu mbovu. Akavua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Halafu akampigia mkwe.

Aliweka sauti ya nje, nadhani ili nisikie kwamba amefanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mkwe wangu? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo."

"Kazini je?"

"Tunatoka sasa hivi."

Dada akakwangua meza kwa ukucha. "Kile kisu chako bado kipo?"

"Kipo, mama. Kimefanya nini tena?"

"Hakijafanya kitu. Nakitaka."

"Unakitaka wewe?"

"Nakitaka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani. Kuna kazi yake."

"Mama, naomba nielewe vizuri nisije nikakosea," mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa na adabu mno. "Nikilete mlangoni au ndani?"

Dada alifumba macho. "Ndani," alisema. "Chenyewe na anayekibeba." Kisha, kwa haraka, kama mtu anayemalizia bei kabla mteja hajaondoka: "Na mtoto."

"Tutapita," mkwe akasema.

Walifika jua likiwa limeanza kulegea. Mkwe alisimama nje ya kizingiti, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mtoto hakuwa na habari ya vizingiti. Alipita kati ya miguu ya mama yake, akaingia chini ya meza, akaanza kupanga vigurudumu vyake kana kwamba aliviacha jana.

"Nimefika, mama," mkwe alisema. "Nikiweke wapi?"

"Mezani. Nani anapimiwa mlangoni?"

Mkwe akaingia. Alitoa kisu, akakifungua kwenye kitambaa chake, akakilaza juu ya meza taratibu, mbali na nguo zote. Kilikuwa kisu chembamba, kirefu kiasi cha kiganja na nusu, mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Halafu akaona kile kitu cha asubuhi, kilichokuwa bado kwenye pembe ya meza.

"Hii nini?"

"Ala," dada alisema. "Ya kisu chako. Nilianza bila kisu."

Mkwe akakipima kisu chake pembeni ya ile ngozi. Ndani ya ala ile vingeingia visu vyake vitatu na mwiko.

"Mama, hii ni ya panga."

"Siku ile kilikuwa kikubwa," dada alisema.

Mkwe akageuka upande wa dirisha, mabega yakamtikisika. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Dada naye alikuwa anautafuta msharasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Somo lilitolewa kutoka ng'ambo. Kisigino alikuwa na wateja wa jioni, hakuweza kukiacha kibanda, kwa hiyo alifundisha kwa sauti huku akipigilia visigino, na wapita njia wakapata elimu bila malipo.

"Kilaze kisu kwenye boksi, uchore," aliamrisha. "Uache nafasi ya kidole gumba upande wa makali."

Mkwe akachukua kalamu akachora. Dada akaikodolea macho ile kalamu.

"Mbona unashika kwa mkono huo?"

"Ndio wangu, mama. Mimi ni mashoto."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na jikoni?"

"Na jikoni pia."

Ng'ambo ya njia nyundo ya Kisigino ilisimama. "Wa kulia, kama watu," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini sauti inafika. Dada alikigeuza kipande cha ngozi upande wa pili, ili kimshipi ambacho kingefunga mpini kielekee kushoto, akaendelea kama vile ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Ngozi ikakunjwa kufuata mgongo wa kisu, kingo mbili zikakutana upande wa makali. Kisigino akawaamrisha wakate ukanda mwembamba wa ngozi na kuubandika kwa gundi katikati ya zile kingo, ili makali yakigusa yaume ukanda, yasiufikie uzi. Hilo dada alilielewa upesi. "Ni bitana," alimwambia mkwe. "Kumbe ni bitana tu."

"Leteni uma," Kisigino akasema.

"Uma wa kulia chakula?"

"Kwani kuna mwingine?"

Mkwe akaleta uma kutoka jikoni, bila kuuliza ulipo. Walibonyeza meno yake kwenye ngozi, mwendo mmoja baada ya mwingine, yakaacha vidoa vilivyoachana sawasawa ukingoni kote. Dada, ambaye ana rula za kila aina, alivitazama vile vidoa kwa wivu. Kwenye kila kidoa akatoboa kwa msharasi juu ya kipande cha ubao.

"Uzi, mara nne ya urefu wa mshono."

"Mara nne? Huu uzi unatoka kwenye bomba?"

"Mara nne, Mama Futi. Upake nta. Kila mwisho wa uzi sindano yake. Uzi mmoja, sindano mbili. Kila tundu linapitwa na zote mbili, hii inakuja, ile inakwenda. Halafu unavuta mikono yote, sawasawa."

Wakaupaka nta ya mshumaa. Dada akajaribu peke yake. Mkono wake wa kulia ulijua kazi; wa kushoto, ambao maisha yote kazi yake ilikuwa kushika kitambaa tu, uliikamata sindano kama mtu anayeshika mkia wa panya. Ilidondoka. Ilidondoka tena. Mtoto chini ya meza akaanza kuiokota na kuirudisha, akadhani ni mchezo.

"Huo mkono nipe mimi," mkwe alisema.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya dada, magoti yakagusana. Wakaibana ala kati ya magoti yao. Na ikawa vizuri kuliko mtu yeyote angepanga: watu wawili wakitazamana, mkono wa kulia wa mmoja na wa kushoto wa mwenzake huwa upande uleule. Sindano ya dada ikatoka kwake, ya mkwe ikatoka kwake, zikapishana kwenye tundu moja, na hakuna aliyelazimika kuukunja mwili.

"Vuta," dada akasema.

"Nimevuta."

"Si hivyo, unaibembeleza."

"Na wewe mama unavuta kama unaanzisha jenereta."

"Mshono unakwenda upande," Kisigino akatoa taarifa, ingawa kutoka alipokuwa hakuweza kuona chochote. "Nasikia tu. Mmoja ana nguvu nyingi. Ni yule yule ninayemfikiria."

Dada akapunguza. Walipofika katikati mwendo ukawa mmoja, hawakuhitaji tena kuambiana. Ndipo dada akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye tundu, "Mwalimu mkuu ameagiza sketi nyingine."

Mkwe akasimamisha mkono. "Ipi? Ile nili..."

"Zambarau. Yenye mpasuo. Amesema mpasuo ule hajawahi kuona fundi mwenye kuthubutu hivyo."

Mkwe alicheka mpaka sindano ikachoma upande, ikabidi ichomolewe. Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Kwa hiyo mshonaji ni mimi."

"Mkataji," dada alisema. "Mshonaji ni mimi."

Wakapita matundu mawili au matatu.

"Yale maneno niliyosema siku ile," dada akaanza.

"Yapi, mama?"

"Unayajua."

"Nilishayasahau."

"Muongo."

"Basi nayakumbuka yote."

"Nayafuta," dada akasema. "Kisu kiingie, kitoke, kinapotaka. Hata usiku. Na wewe usikae tena bila kuja. Hii nyumba imekuwa baridi." Akavuta uzi. "Vuta."

Mkwe akavuta. Nilitazama nje kwa muda, kwa sababu nyuso zao zilikuwa karibu sana na hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mwishoni walirudi nyuma matundu matatu, kama Kisigino alivyoagiza, wakakata uzi na kuunguza ncha zake kwa kiberiti. Kwenye kimshipi cha mpini dada alishona kifungo kikubwa cha koti, kutoka kwenye kopo lake la vifungo. Kisigino akasema hajawahi kuona ala yenye kifungo cha koti. Dada akamwambia sasa ameona. Kisha ngozi ikalowanishwa kidogo kwa kitambaa, kisu kikafungwa kwenye nailoni, kikaingizwa ndani, na wote wawili wakaibonyeza ngozi kwa vidole mpaka umbo la kisu likajitokeza kwa nje, mgongo wake na tumbo lake. Mshono haukuwa umenyooka. Mwanzoni uliyumba, mahali ambapo mmoja alivuta na mwingine alibembeleza, kisha ukatulia. Waliiweka kwenye kivuli, juu ya kabati, ikauke.

Manyunyu yakarudi magharibi. Mtoto alikwisha kulala chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa, kigurudumu mkononi. Mkwe akatazama mlango, akamtazama mtoto.

"Kumwamsha sasa ni kutafuta kilio," dada alisema, akiwa ameshatandika kitanda cha chumba cha pili.

Kesho yake, Jumapili, dada aliamka kabla ya wengine. Nilimkuta jikoni. Alikuwa amekitoa kisu kwenye ala, akakiondolea nailoni, akakata mkate nacho vipande vyembamba sana, zaidi ya tulivyohitaji, kwa sababu kilikuwa kinakata vizuri naye hakutaka kuacha. Akakiosha, akakung'uta maji mara moja, akakirudisha kwenye ala na kufunga kifungo. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, nywele hazijachanwa.

"Mama," alisema, "kisu hakirudi kwenye ala na maji. Kitashika kutu, na ngozi itaoza. Kifutwe kwanza."

Nilimtazama dada nikangoja. Alifungua kifungo, akakitoa kisu, akakifuta kwa kipindo cha gauni lake upande mmoja, akakigeuza, akafuta upande wa pili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kumwonyesha mkwe wake. Mkwe akaitikia kwa kichwa. Ndipo akakirudisha.